Zawadi ya Idi Yenye Magurudumu Manne

Hii ni nakala ya mhadhara uliotolewa baada ya sala ya alasiri, katika kumi la kati la Ramadhani, mbele ya wanajumuiya wetu wa Randburg. Yaliyorudiwa yamepunguzwa, mengine yameachwa kama yalivyosemwa.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Niliombwa nizungumze leo juu ya amana, nami nilikuwa nimeandaa maneno yaliyozoeleka: amana ya mali, amana ya siri, amana ya kazi. Kisha juzi, tulipokuwa tukikunja mikeka baada ya tarawehe, mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza: "Ustadhi, mwanangu ana miaka kumi na miwili na amefunga tangu siku ya kwanza hajala hata moja. Nimemwahidi kwodi siku ya Idi. Je, pana ubaya?" Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba siku mbili, na jibu langu ndiyo mazungumzo ya leo. Yupo hapa, na ameniruhusu nilitaje suala lake bila kumtaja yeye.

Kwa wale wasioifahamu, kwodi ni pikipiki ya magurudumu manne. Ina matairi mapana yenye upepo mdogo, usukani wa pembe kama wa pikipiki, kiti kirefu kinachopandwa kwa kutanua miguu, na mafuta huongezwa kwa kidole gumba. Wakulima huitumia mashambani, watalii hupita nayo vijijini Unguja, na jamaa zetu wa Maskati hutuletea video wakipanda nayo michanga ya Bausher. Hapa kwetu familia hutoka nje ya mji upande wa Hartbeespoort na kuikodi kwa saa, na wenye nafasi zaidi huinunua na kuiweka gereji.

Kosa la kwanza ni la macho. Mtu huiona imesimama yenyewe, haihitaji kuegemezwa, akasema moyoni kwamba chenye magurudumu manne ni salama kuliko chenye mawili. Pikipiki ya kawaida, ile tuliyoizoea kwa jina la bodaboda, humfundisha mtu hofu tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa asipoiweka sawa huanguka naye. Kwodi haimfundishi mtu hofu. Humbeba vizuri, humtii, humpa mwendo, hadi siku anapokata kona juu ya mteremko ndipo anapojua kwamba chombo kile hakikuwa kimemzoea.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini, kwani kijana akiambiwa "hatari" bila sababu hucheka, na ana haki ya kucheka.

Kwodi ya mtu mzima ina uzito wa kilo mia mbili na zaidi, nyingine hupita mia tatu. Imeinuliwa juu ili ipite mawe na mashimo, na upana wake ni mdogo, kwa hiyo uzito umekaa juu ya msingi mwembamba. Kisha nyingi kati ya zile za michezo hazina difu nyuma kama gari. Ekseli ni moja, na magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye kona gurudumu la nje linapaswa kukimbia zaidi kuliko la ndani, na hapa haliwezi. Matokeo yake chombo hutaka kwenda mbele moja kwa moja, na mpandaji hulazimika kuuhamisha mwili wake kuelekea upande wa kona ili kukigeuza. Kwa maneno mengine, kwodi huendeshwa kwa kiwiliwili kama inavyoendeshwa kwa mikono. Ndiyo sababu kiti chake ni kirefu: ni nafasi ya mpandaji kusogea mbele anapopanda kilima na nyuma anaposhuka. Wengi wetu tumekifasiri kuwa ni kiti cha watu wawili, watatu, na mtoto mdogo mbele.

Sasa mchukueni mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye kilo thelathini na tano. Hata akisogea namna gani, mwili wake hauna uzito wa kukibishia chombo cha kilo mia mbili na hamsini. Na kikipinduka, hasa kikirudi kinyumenyume kwenye mlima, hawezi kujitoa chini yake. Wengi wanaokufa kwa kwodi hufa kwa kulaliwa nayo, kifua kikabanwa na pumzi ikakatika, pengine bila hata mfupa mmoja kuvunjika.

Wala hili si jambo lililogunduliwa jana. Huko Marekani zilikuwapo za magurudumu matatu, zikapindua watu kwa wingi hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali kuacha kuziuza, na wakakubali pia kwamba zile za magurudumu manne zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 90 zisiuzwe kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 16. Madaktari wa watoto wa nchi hiyo, kupitia chuo chao, wamekwenda mbali zaidi: wanasema aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa. Australia, ambako kwodi ni punda wa kila shamba, ilifikia mahali ikatunga sheria: tangu Oktoba 2021 kwodi mpya ya kazi haiuzwi bila kifaa cha kumkinga mpandaji inapopinduka. Wenzetu hao wana mashamba, wana uzoefu, na hawavichukii vyombo vyao.

Hapa lazima niseme la kwangu, kwani si vyema nikae juu ya mimbari kama mtu asiyewahi kukosea.

Miaka michache iliyopita, Idi mosi, tulitoka familia tatu kwenda shamba moja nje ya mji. Tulifika na kanzu zetu na kubadhi zetu. Mwenyeji alitupa karatasi ya kutia sahihi. Nilitia sahihi nikiwa nimesimama, simu sikioni, sikusoma hata mstari. Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi, kwa mikono yangu hii, nilimpandisha mdogo wake wa miaka minane nyuma yake, nikamwambia amshike kaka kiunoni. Kofia ngumu zilikuwapo. Ya mdogo ilimcheza kichwani kama sufuria. Walikwenda polepole, wallahi polepole. Kwenye kimteremko kidogo, ambacho wewe ungekishuka na kikombe cha chai mkononi, mkubwa aligeuza kona. Hakuweza kuegemea kwa sababu mdogo alikuwa amemng'ang'ania. Gurudumu la juu likanyanyuka.

Mdogo alivunjika mtulinga. Mkubwa hakuumia, ila kwa muda mrefu hakutaka kula mezani na sisi, kwa kudhani kosa ni lake. Nilichelewa sana kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo nikisema leo habari ya amana, nataja deni ninalolijua.

Na hiyo karatasi niliyoitia sahihi: baadaye ndipo nilipoelezwa na mwanasheria kwamba Sheria ya Kulinda Walaji ya nchi hii, namba 68 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye biashara ya hatari aieleze hatari hiyo kwa lugha nyepesi na kukuonyesha wazi unachokubali, na haimruhusu kujivua dhima ya uzembe uliopindukia. Yaani karatasi ile si ukuta kwa mwenye shamba. Lakini pia si sababu ya kutoisoma. Waislamu tumefundishwa kuandikiana mikataba na kuishuhudisha. Itakuwaje tuandikiane kwa makini mkopo wa randi elfu mbili, kisha mwili wa mtoto tuutie sahihi tukiwa kwenye simu?

Nije kwenye sheria ya barabara, kwa sababu najua mnachokiona mitaani, nami nakiona. Jioni za Jumapili kwodi hukatiza kandokando ya Malibongwe, juu ya majani, na wengine huteremka nazo kwenye njia za waenda kwa miguu kando ya mto Klein Jukskei. Ukiwauliza, husema: "Sipo barabarani, nipo pembeni."

Sheria ya Taifa ya Usalama Barabarani, namba 93 ya mwaka 1996, haikubaliani nao. Kwa tafsiri yake, barabara ya umma si lami peke yake. Ni njia yoyote, au mahali popote panapotumiwa kwa kawaida na watu au ambapo watu wana haki ya kupita, na ukingo wake wa majani umo ndani ya hesabu. Basi huyo aliye pembeni yupo barabarani. Na aliye barabarani kwa kwodi anahitaji leseni inayofaa, chombo kilichosajiliwa na kupita ukaguzi, namba, taa, na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, yeye na aliyempakia. Kwodi nyingi zilizomo kwenye gereji zetu zilitengenezwa kwa shamba na michezo. Hazina hata kimoja kati ya hivyo. Na matairi yake laini, yanayoushika udongo vizuri, hushika lami kwa namna isiyotabirika: huteleza, kisha hukamata ghafla, na hapo ndipo huzungumzwa habari za hospitali.

Ama umri, hakuna leseni ya aina yoyote, hata ya kujifunza, anayopewa aliye chini ya miaka 16, na ya kujifunza gari dogo huanza miaka 17. Wala sheria haimtazami mtoto peke yake. Mwenye chombo anayemruhusu asiye na leseni kukiendesha barabarani naye ametenda kosa. Hili tulielewe vizuri sisi wageni. Tumeingia nchi hii kwa ahadi; viza ni ahadi, kibali ni ahadi, na Muislamu hutimiza ahadi hata kwa asiye wa dini yake. Sijapata kumwona mwanachuoni anayehalalisha kuvunja sheria inayolinda roho za watu kwa hoja kwamba si ya kwetu.

Lipo jambo linalowatatiza wengi wanaokaa kwenye nyumba zenye geti. Wao husema barabara ya ndani ni ya binafsi. Hapa pana aina mbili, tusizichanganye. Ya kwanza ni mtaa wa kawaida wa jiji ambao wakazi wameuwekea kizuizi na mlinzi kwa sababu ya wizi. Mtaa huo bado ni barabara ya umma, mlinzi hakuubadilisha. Ya pili ni makazi yaliyozungushiwa ukuta, yenye chama chao cha wamiliki na barabara zao wenyewe. Kuhusu hayo ilikuwapo kesi mashuhuri ya makazi ya Mount Edgecombe, KwaZulu-Natal, ambako mkazi alipinga faini za mwendo kasi zilizotokana na uendeshaji wa binti yake. Mahakama Kuu ilisema barabara zile ni za umma. Kisha Machi 2019 Mahakama ya Juu ya Rufaa kule Bloemfontein ikatengua, ikasema si za umma, na kwamba mkazi alipohamia pale alizikubali kanuni za chama kwa mkataba. Wapo waliolifurahia hilo wakidhani watoto sasa wako huru. Walisoma nusu. Maana yake ni kwamba ndani ya ukuta unafungwa na kanuni ulizozitia sahihi, na kanuni za makazi mengi huwa kali kuliko za jiji. Na ikiwa mtoto wako atamgonga mtoto wa jirani, kesi ya fidia haiulizi barabara ilikuwa ya nani.

Nitapita haraka kwenye mambo mawili. Mnaokwenda Durban likizo kuwazuru ndugu, kuendesha vyombo vya moto ufukweni kulikatazwa nchi nzima tangu mwanzoni mwa mwaka 2002, isipokuwa kwa kibali na mahali palipotengwa. Na vijana mnaokwenda kwenye vilima vya vifusi vya migodi kusini mwa jiji, vile ni mali ya watu, kingo zake hubomoka, na vumbi lake lina silika ambayo ndiyo iliyowamaliza mapafu wachimbaji waliokuwa babu za watu wa mji huu.

Sasa niseme la Ramadhani. Saa hii ninayozungumza, kati ya alasiri na magharibi, ndiyo saa mbaya kwa anayeendesha chombo chochote. Maji yamepungua mwilini, sukari imeshuka, akili iko kwenye tende. Swaumu haivunjiki kwa kuchelewa kuifungua dakika kumi. Na baada ya tarawehe, vijana, nazijua mbio zenu, msidhani hatusikii.

Mtu mzima aliyemuua Muislamu kwa kukosea, dini haimwachi aende na machozi tu. Ipo diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na ipo kafara, nayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Imetajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 92. Huu wetu ni mwezi mmoja, tunaufunga pamoja, kwa furaha, na jioni kuna sambusa. Fikirini miwili, peke yako, kila siku ukijua kwa nini unafunga. Nayo ni ya kukosea, si ya kukusudia.

Wengine mtaniambia ajali ni kadari. Ni kweli, na kofia ngumu nayo ni kadari, na akili ya baba nayo ni kadari. Kisa cha bedui na ngamia wake mnakijua nyote; sina haja ya kukirudia.

Na likitokea la kutokea? Msimnyanyue majeruhi wa shingo au mgongo kwa pupa na kumtia nyuma ya gari. Pigeni 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Sheria inakutaka usimame, umsaidie aliyeumia, na uarifu polisi ndani ya saa 24. Nasema na hili kwa wale ambao karatasi zao zimekwisha muda: yupo mzazi katika mji huu aliyemweka mtoto nyumbani usiku mzima na tumbo limevimba, kwa kuogopa kuulizwa kibali. Katiba ya Afrika Kusini, ibara ya 27, inasema hakuna mtu atakayenyimwa tiba ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Mpelekeni mtoto kwanza. Mambo ya karatasi yana wakati wake, na jumuiya itasimama nanyi.

Ndugu yangu mzee, jibu lako ni hili. Ahadi uliyompa mwanao itimize, kwa sababu kumvunjia ahadi mtoto aliyefunga nako si kuzuri. Lakini ibadilishe umbo kwa kusema naye, umweleze kama nilivyoeleza hapa, mpaka juu ya ekseli; watoto wa siku hizi wanaelewa ekseli kuliko sisi. Kwodi ya mtu mzima, hapana. Kuinunua na kuiweka nyumbani, hapana, kwani ufunguo ulio nyumbani hupatikana. Akifika miaka kumi na sita, mpeleke akafunzwe kwanza na mwalimu, kisha aendeshe kwenye uwanja uliotengwa, peke yake juu ya chombo, kofia imembana sawasawa, buti, glavu, suruali na mikono mirefu. Miguu ikae kwenye vikanyagio wakati wote, maana anayeteremsha mguu kujizuia, gurudumu la nyuma humpanda. Na kanzu ya Idi ibaki kwenye gari! Nimeiona kanzu ilivyofanywa na ekseli. Dada zetu nao, mtandio unaopepea ni hatari hiyo hiyo. Ufungeni ndani ya koti.

Kwa Idi hii, baiskeli nzuri ya milimani ni zawadi, na njia za Braamfontein Spruit zimejaa wenye baiskeli. Kofia ni lazima huko pia.

Suala moja limeletwa kwa karatasi kutoka upande wa akina mama: "Mwanangu ana miaka ishirini na moja, anasambaza chakula kwa pikipiki, na saa ya futari ndiyo saa yenye oda nyingi. Afanyeje?" Mama, mwenye kazi hiyo ana haki yake, na riziki yake ni halali. Mpe tende tatu na chupa ya maji mfukoni. Adhana ikimkuta njiani, asimame pembeni, azime injini, afungue, apumue, ndipo aendelee. Oda itachelewa dakika tano. Mwambie pia aikague kofia yake. Iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu, hata kama haina ufa unaoonekana, haifai tena.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kofia: Ijumaa ijayo baada ya sala, wenye kofia za watoto, za baiskeli au za pikipiki, zileteni uwanjani, na watoto wenyewe waje. Tutazijaribu moja moja. Ile itakayocheza kichwani haitarudi nyumbani.